Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: kipindi cha dini na mtoto asiye na kundi

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia, Dodoma.

Nakala: OR-TAMISEMI, Taasisi ya Elimu Tanzania, BAKWATA, Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, Jumuiya ya Kikristo Tanzania, maafisa elimu wa mikoa ya Kilimanjaro na Arusha.

Mheshimiwa Waziri,

Salaam kutoka Moshi. Ninaandika kuhusu kipindi kimoja tu katika ratiba ya shule ya msingi ya umma, kipindi cha dini. Ni dakika chache kwa juma, na huenda ndiyo maana hakuna kikao kikubwa kinachokijadili. Hisabati ikiporomoka, mthibiti ubora wa shule atafika na gari, atakagua maandalio ya masomo na atamhoji mwalimu mkuu hadi jasho limtoke. Kipindi cha dini kisipofanyika mwaka mzima, hakuna atakayeuliza.

Nieleze kinavyokwenda, angalau katika shule za manispaa nilizofundisha mpaka nilipostaafu. Kengele ikilia watoto wanagawanyika. Wakatoliki wanaingia darasa hili na katekista wao, Walutheri darasa lile na mwinjilisti wa mtaa, Waislamu wanakwenda chumba cha pembeni na ustadhi wa madrasa ya jirani. Wasabato na Wapentekoste inategemea: mwaka huu yupo mtu wa kuwafundisha, mwakani hayupo. Hawa wote hawamo kwenye ikama. Wanakuja kwa moyo wao, na tangu elimu bila malipo ianze, shule haina hata fungu la kumpa ustadhi nauli ya bodaboda. Akipata msiba, haji. Akihamishwa mtaa, haji tena mpaka apatikane mwingine.

Asipokuja, watoto wake wanabaki. Mwalimu wa zamu ana watoto arobaini uwanjani na hana la kuwafanyia. Atawapa mafagio. Au atawaambia wakae wasome kimyakimya, jambo ambalo yeyote aliyewahi kufundisha darasa la nne anajua halipo. Au atawaingiza kwenye kundi kubwa ili wasizurure, na hili nimeliona mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Hapa kwetu kundi kubwa ni la Wakristo, kwa hiyo anayeingizwa ni mtoto wa Kiislamu. Pangani au Kondoa mambo yanageuka, anaingizwa Mkristo. Mwalimu hana nia mbaya. Anatafuta mahali pa kuwaweka watoto mpaka kengele ya kwenda nyumbani.

Tena wapo wasio na kundi tangu mwanzo. Mwalimu mwenzangu aliyepangiwa Longido aliniambia habari za kujaza taarifa za wanafunzi wapya. Mtoto ametoka boma ambako bibi bado anamwomba Engai, Mungu wa Wamaasai, asubuhi, hakuna aliyebatizwa, hakuna aliyesilimu. Kwenye sehemu ya dini aandike nini? Aliandika Mkristo, maana fomu yenye nafasi tupu hurudishwa. Basi kwa kalamu ya mwalimu mtoto akapata dini.

Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 19, inasema kutangaza dini na kufanya ibada ni jambo huru na la hiari ya mtu, na kwamba uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Nakubaliana nayo neno kwa neno. Ninachouliza ni kidogo: mtoto akiwa ndani ya uzio wa shule ya Serikali, saa za masomo, akiwa chini ya mwalimu wa zamu anayelipwa na Serikali, hiyo hiari yake anailinda nani?

Mlima huu unajua suala hili kuliko sehemu nyingi za nchi. Wamisionari wa Leipzig, Walutheri wa Ujerumani, waliingia mwaka 1893, wakafungua vituo Machame, Mamba na Old Moshi. Mapadri wa Roho Mtakatifu walikuwa wamekwisha kutangulia Kilema, kisha wakaenda Kibosho. Shule ilifuata kanisa, na mpaka leo ukimtajia Mchagga jina la kijiji chako atakisia unasali wapi, na mara nyingi atapatia. Kusoma na kubatizwa vilikwenda pamoja, kwa hiyo wazee wengi wa Kiislamu waliona heri mtoto akose shule kuliko kupoteza dini. Sheria ya Elimu ya 1969 ilipofanya shule hizo kuwa za umma, ilitaka kumaliza ubaguzi wa namna hiyo. Majengo yakataifishwa, ada ikaangaliwa, usajili ukafunguliwa kwa wote. Kipindi cha dini kikaachwa mikononi mwa yeyote atakayeingia getini na Biblia au msahafu.

Nimejaribu kusoma wenzetu wanafanyaje, kwa sababu ustaafu unampa mtu muda. Kila nchi niliyoisoma nimeiuliza maswali matatu. Nani anafundisha? Analipwa na nani? Na mtoto asiye na kundi anakwenda wapi? La tatu ndilo linaloumbua.

Ukivuka mpaka Holili ukaingia Taveta, Kenya, maswali mawili ya kwanza yana majibu. Mwalimu wa dini ni mwalimu kama wa jiografia, anaajiriwa na Tume ya Utumishi wa Walimu, ana kitabu kilichoidhinishwa na ana mtihani wa taifa: CRE kwa Wakristo, IRE kwa Waislamu, HRE kwa Wahindu. Hapo wametushinda. Lakini shule ndogo ikiwa na mwalimu mmoja tu wa dini, mara nyingi ni wa CRE, na kila aliyemo darasani anafanya CRE. Nina jamaa zangu Taveta, Waislamu, ambao binti yao alifaulu CRE vizuri sana. Mama yake hunitania kwamba mtoto anaijua Injili ya Luka kuliko mimi niliyekulia Usharikani. Tunacheka, lakini si kila mzazi ataliona la kuchekesha.

Indonesia, nchi ya Waislamu wengi yenye Wakristo na Wahindu wake, imeliandika jambo hili kwenye sheria ya elimu ya mwaka 2003: mwanafunzi ana haki ya kufundishwa dini yake, na mwalimu wa dini hiyohiyo. Kwa sheria kama hiyo, mtoto wa Kiislamu wa Moshi asingeingizwa darasa la katekista ili kuziba pengo. Tatizo la Indonesia ni kwamba dini zinazotambuliwa na dola ni sita, na wafuasi wa imani za jadi wamehangaika miaka na miaka kujazwa kwenye mojawapo. Hadi mwaka 2017 mtoto wetu wa Longido angekutana na fomu ileile.

Finland wameweka idadi, na idadi yenyewe ilinishangaza: watatu. Wanafunzi watatu wa dini iliyosajiliwa wakipatikana katika eneo la halmashauri, na wazazi wao wakiomba, halmashauri inawajibika kuwaandalia mafundisho ya dini yao. Asiye na dini ana somo lake la maadili na mtazamo wa maisha, lenye mwalimu na kitabu. Nchi ile ina fedha, najua. Hata hivyo kuandaa somo kwa ajili ya anayebaki si gharama ya ajabu. Ni uamuzi kwamba naye anahesabika.

Ujerumani dini ni somo la kawaida kwa mujibu wa ibara ya 7 ya katiba yao. Serikali inalipa na kusimamia, kanisa au jumuiya ya dini inakubali yaliyomo, na mwalimu amesomea chuo kikuu. Akifika miaka 14 mtoto anaamua mwenyewe kama aendelee, kwa sheria ya tangu 1921. Berlin wana utaratibu wao: tangu 2006 wanafunzi wote wa sekondari kuanzia darasa la saba wanasoma somo la maadili pamoja, na dini ni ya hiari. Mwaka 2009 ilipigwa kura ya maoni ili mwanafunzi aruhusiwe kuchagua dini badala ya maadili, ikashindwa. Waliotetea somo la pamoja walitoa hoja ambayo ningependa isikike Dodoma: watoto wa mji mmoja wakae chumba kimoja wanapozungumzia mema na mabaya.

Wapo watakaosema dawa ni kukifuta kipindi, kila mmoja akafundishwe kanisani na msikitini. Wenzangu wawili wa kamati ya shule wana msimamo huo na si watu wajinga. Ufaransa ilifanya hivyo, sheria ya kutenganisha dini na dola ikiwa ya mwaka 1905. Ila Alsace na Moselle wanaendelea kufundisha dini katika shule za umma hadi leo, kwa kuwa mwaka ule walikuwa chini ya Ujerumani na sheria haikuwagusa. Na mwaka 2002 mwanafalsafa Régis Debray alimwandikia waziri wa elimu wa Ufaransa ripoti ya kutaka shule zifundishe zaidi habari za dini kama sehemu ya historia na utamaduni. Marekani nako, Mahakama Kuu ya nchi iliyopiga marufuku sala za shule mwaka 1962 na usomaji wa Biblia wa kiibada mwaka 1963 ilisema wazi kwamba kuisoma dini kama elimu hakukatazwi. Waliofuta, basi, hawakufuta kila kitu.

Nchi iliyonisaidia kufikiri zaidi ni Afrika Kusini. Sera yao ya mwaka 2003, iliyotolewa wakati Kader Asmal akiwa waziri wa elimu, imetenga mambo matatu ambayo sisi tunayachanganya katika chungu kimoja. Kuna kujifunza kuhusu dini, zote, za jadi zikiwamo: hilo ni kazi ya shule na mwalimu wake. Kuna kumlea mtoto katika imani fulani: hilo ni la nyumbani na la jumuiya ya dini, wakipenda watumie jengo la shule nje ya masomo. Na kuna ibada, inayoruhusiwa kwa hiari na kwa usawa. Haikumaliza ugomvi. Mwaka 2017 mahakama ya Johannesburg ilibidi iseme kwamba shule ya umma haiwezi kujitangaza kuwa ya dini moja tu. Ila mzazi wa kule akilalamika, anajua analalamikia kipi kati ya hivyo vitatu. Mimi nikiulizwa na mzazi wa Pasua kwa nini mwanawe ameimba pambio, sina cha kumwonyesha kwenye karatasi.

Ghana wana somo la dini na maadili ambamo Ukristo, Uislamu na dini ya asili ya Kiafrika vinafundishwa darasa moja na mwalimu mmoja. Zambia nao wanagusa Ukristo, Uislamu, Uhindu na imani za wenyeji. Hizi ni nchi za ukubwa wa mfuko wetu, na madarasa yao yamejaa kama yetu. Kwa hiyo nisiambiwe ni mambo ya Wazungu.

Tukizungumzia Wazungu, Waingereza waliotutawala waliweka dini kuwa somo la lazima kwao kwa sheria ya 1944, na sheria ya 1988 ikaelekeza kwamba mihutasari mipya ionyeshe kuwa mapokeo ya nchi ni ya Kikristo kwa sehemu kubwa, huku ikizingatia mafundisho ya dini nyingine kuu zilizopo. Muhutasari unaandikwa na kila eneo, na kila halmashauri ina baraza la kudumu la makanisa, dini nyingine, walimu na madiwani la kuishauri kuhusu somo hilo. Mzazi anaweza kumwondoa mwanawe. Sisi tuliiga sare, paredi na viboko. Hili la kukaa meza moja na kuandika muhutasari hatukuiga.

Ninaloomba, Mheshimiwa, si kukiondoa kipindi cha makundi. Wazazi wanakipenda, na katekista mzuri anamjua mtoto kuliko mwalimu wa darasa. Naomba mtoto asiye na kundi apewe kitu cha kusoma badala ya fagio, na naomba watoto wote wakae pamoja, hata mara chache kwa muhula, wafundishwe jirani yao anaamini nini. Hatuhitaji somo jipya. Mtaala ulioanza Januari 2024 umeleta Historia ya Tanzania na Maadili, ambayo kila mtoto anaisoma bila kujali anasali wapi. Humo inaweza kuingia kwa nini ustadhi anafunga Ramadhani, Kwaresima ni nini, kwa nini Msabato hafanyi kazi Jumamosi, mahekalu ya Wahindu na Masingasinga ya Moshi na Arusha yalijengwa na kina nani, na Mmeru, Mchagga na Mmaasai walimwitaje Mungu kabla ya meli za wageni.

Vitu vya kufundishia vimetuzunguka. Kwenye harusi za huku ng'ombe na mbuzi huitiwa Mwislamu achinje, ili wageni wote wale. Familia ni ya Kilutheri tangu babu, bwana harusi ni mzee wa kanisa, lakini mchinjaji anatafutwa wiki nzima kabla. Watoto wanaliona jambo hili tangu wananyonya na hakuna shule inayowaeleza. Halafu mwaka 2013 uchinjaji huohuo ulizua vurugu huko Geita hadi mchungaji akauawa. Mtoto wa Kichagga akimwona babu amempelekea mgomvi wake jani la isale, anajua ugomvi umeisha. Hilo nalo limo katika maadili ya watu, na halimo katika kitabu chochote nilichowahi kukifundisha.

Mwaka huohuo wa 2013, tarehe 5 Mei, bomu lilitupwa kanisani Olasiti, Arusha, wakati wa uzinduzi wa parokia, na watu wakapoteza maisha. Sisemi somo la darasa la tano lingelizuia, maana sijui na nisingethubutu. Ninachokumbuka ni Jumatatu iliyofuata. Watoto walikuja shuleni na maswali kuhusu wenzao wa dawati moja, na walimu tulikuwa hatuna ruhusa, wala kitabu, wala ujasiri wa kuwajibu. Tuliwaambia wafungue daftari la Hisabati.

Najua pingamizi. Mzazi ataogopa mwanawe atabadilishwa dini. Ataogopa kwa haki, kwa kuwa mwalimu wa kwanza kufundisha Ramadhani hapa Moshi huenda ni mama kama mimi, mwimbaji wa kwaya, na hata nikijitahidi sauti yangu itanisaliti. Viongozi wa dini watasema tunatengeneza mseto usio na ladha. Ndugu zetu Waislamu wana sababu ya ziada ya kutoamini: hawajasahau mwaka 2012, matokeo ya Elimu ya Dini ya Kiislamu ya kidato cha sita yalipokutwa na kasoro na kurekebishwa. Imani ya namna hiyo hairudi kwa tamko.

Malawi inafundisha kitu hapa. Mwaka 2000 serikali yao ilileta somo la pamoja la dini na maadili kuchukua nafasi ya somo la Biblia. Makanisa yaliona yameletewa jambo lililokwisha kupikwa, na Rais Bakili Muluzi alikuwa Mwislamu, ikawa petroli juu ya moto. Serikali ikalazimika kusitisha, na mwishowe masomo yote mawili yakabaki, shule zichague. Muhutasari wenyewe haukuwa mbaya. Walianza kuandika kabla ya kuita watu. Ndiyo maana barua hii nimewapa nakala viongozi wa dini. Wakikaa mezani tangu ukurasa wa kwanza, watatetea kitabu chao wenyewe, na naamini shehe na askofu wataafikiana katika kurasa nyingi kuliko tunavyodhani.

Lipo jambo lisilohitaji kusubiri meza hiyo, nalo linanikera kama mama. Mtu anayeingia shuleni kufundisha dini hatumjui. Haandikwi popote. Tunamwachia watoto wa miaka minane chumba kimefungwa mlango, kwa kuwa amevaa kanzu au kola. Wengi wao ni watu wema kabisa, na hao ndio wangefurahi wa kwanza kuandikwa, maana wangetambulika.

Kwa hiyo kabla shule hazijafunguliwa Januari, naomba waraka mmoja, hata wa ukurasa mmoja. Useme kila mwalimu wa dini awe na barua ya utambulisho kutoka jumuiya yake, na jina lake liandikwe kwenye daftari la shule ambalo kamati ya wazazi inaweza kulifungua. Useme mlango usifungwe, na mwalimu wa shule awe jirani. Useme mtoto asiingizwe kundi lisilo lake bila barua ya mzazi. Useme mwalimu wa dini asipofika, watoto wake wapelekwe maktaba au wapewe kitabu cha Historia ya Tanzania na Maadili, na mafagio yabaki stoo. Na kwenye fomu ya usajili, sehemu ya dini iongezewe chaguo la mzazi kutojaza, ili mwalimu wa Longido asilazimike kumbatiza mtu kwa kalamu.

Maafisa elimu kata wanaweza kuusimamia kuanzia wiki ya kwanza ya muhula. Nitakuwa radhi kuitwa kueleza zaidi, Dodoma au hapa ofisi za manispaa.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu na mjumbe wa kamati ya shule,
Pasua, Moshi.